Mume anasema ning'oe, daktari anasema linapona

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 38, nafanya biashara ya dagaa mwaloni Kirumba. Nanunua mzigo ukishuka alfajiri kutoka visiwani, nachambua, nauza kwa wateja wa jumla, wengine wanatoka mpaka Kongo. Biashara ya pale ni mdomo. Ukizubaa kumwita mteja, jirani ameshamvuta. Ndiyo maana hili jambo linaniuma mara mbili.

Gego langu la chini upande wa kulia limetoboka. Lilianza kidogokidogo: nikinywa maji ya baridi linashtuka, nikiacha linatulia. Baadaye likawa linaniamsha usiku, nashika shavu nazunguka uani mpaka saa ya kwenda mwaloni. Nimeweka karafuu, nimesukutua maji ya chumvi, jirani akanipa ugoro nao nikaweka. Duka la dawa wakanipa vidonge vya rangi mbili, nikameza, maumivu yakaisha. Yakaisha kabisa. Nikamshukuru Mungu nikaendelea na kazi.

Sasa kimeota kipele kwenye fizi, chini ya jino lilelile. Nikikibonyeza kinatoa kitu cha chumvichumvi. Hapo ndipo nilipokwenda kwa daktari wa meno. Akapiga picha, akasema jino limekufa ndani lakini mizizi yake bado imara, kwa hiyo linaweza kutibiwa mzizi likabaki mdomoni. Au ling'olewe, yaishe siku hiyohiyo. Akasema pia fizi zangu zinaumwa kuliko hata hilo jino, nina ugaga mwingi, nisafishwe kwanza. Hilo la kusafishwa sikulitilia maanani, maana shoga yangu aliyesafishwa anasema meno yake yalianza kucheza baada ya pale.

Kung'oa ni hela ya siku moja soko likiwa zuri. Kutibu mzizi, ukijumlisha na kofia ya kuvalisha jino juu, inakaribia bando zima la bati. Na bati, Shangazi, ndilo penyewe. Tunajenga Buhongwa. Kuta zimesimama tangu mwaka juzi, mvua inazipiga tu. Kikoba chetu tunavunja mwezi ujao, na hela yangu nilishamwahidi baba watoto kwamba ni ya kuezeka. Nilipomweleza habari za daktari alicheka, si kwa ubaya, akasema: "Mama, ling'oe tuachane nalo. Sisi hatuhamii kwenye jino, tunahamia Buhongwa."

Nikamfikiria mama yangu, yuko Sengerema. Yeye alikuwa mtu wa kung'oa. Likiuma anang'oa, likiuma anang'oa, alipofika umri wangu magego yalikuwa yameshakwisha. Leo tukimpelekea matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, anayaloweka kwenye chai mpaka yalainike yote. Sato anachambuliwa na wajukuu. Na sukari anayo. Nikijiangalia kwenye kioo naona mdomo wake unakuja. Kwenye ukoo wetu meno ni mabovu, hilo tunalijua wote.

Sasa la aibu. Fizi zangu zinatoka damu nikipiga mswaki, tangu mimba ya mtoto wa mwisho. Wifi yangu anasema ni kiseyeye, nile machungwa na nisugue ndimu. Machungwa nimekula. Pale panapotoka damu sana nimeacha kupasugua ili papone. Na mdomo unanuka, najua. Nashinda na chai ya sukari na soda mpaka jioni, nikiongea na wateja naziba mdomo kwa pindo la kanga. Baba watoto siku hizi analala akiangalia ukutani. Hajasema kitu. Ila siku moja wifi akiwepo nilimsogelea nimnong'oneze jambo, akarudisha kichwa nyuma. Wifi akaangalia chini. Tangu hapo sijamsogelea tena.

Nikitumia hela ya bati ataona nimechagua mdomo wangu, watoto waendelee kulala nyumba ya kupanga. Nikiling'oa nimeanza njia ya mama. Wakati mwingine nawaza nitoe hela kimyakimya, nitibiwe, niseme kikoba kimepata hasara. Kuna mwenzangu alifanya hivyo na mambo yakapita. Wakati mwingine nawaza niyang'oe yote yanayosumbua niweke ya bandia, nipumzike. Hata mtoto wangu wa mwisho, ana miaka 7, gego lake la nyuma limeanza doa jeusi, ila hilo ni la utoto, litang'oka lenyewe.

Nishauri Shangazi, lakini usinicheke.

Mziba Mdomo, Kirumba, Mwanza

*

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya jino, na pole zaidi ya siku ile ya kunong'ona.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikairudia. Juu kuna jino. Chini ya jino kuna fizi, chini ya fizi kuna bati, na chini kabisa kuna kitanda. Umeyafunga yote fundo moja ukaniuliza nilifungue kwa kung'oa au kutibu. Lakini fikiria: unaweza kulitibu jino likapona vizuri, na baba watoto akaendelea kuangalia ukutani. Unaweza kuling'oa, bati zikapigwa, ukahamia Buhongwa na pindo lako la kanga mdomoni. Kwa hiyo naomba tuyatenganishe, na tuanze na lile ulilolipita mbiombio.

Daktari alikuambia fizi zinaumwa kuliko jino. Wewe ukaliandika kwa mstari mmoja, ukarudi kwenye jino. Naelewa: jino limekulaza macho, fizi hazijawahi kukuamsha hata siku moja. Ugonjwa wa fizi ndivyo ulivyo, unakula bila kuuma. Saa chache baada ya kupiga mswaki, utando laini wa bakteria unaanza kujijenga tena kwenye meno, hasa pale jino linapokutana na fizi. Usipoondolewa, madini ya kwenye mate yanaugandisha, unakuwa ugaga, mgumu kama ile chokaa ya ndani ya birika, na hapo mswaki hauwezi tena. Fizi zinavimba kwa kupambana na bakteria hao, ndiyo maana zinatoka damu zikiguswa. Katika hatua hiyo bado zinaweza kurudi kuwa nzima. Zikiachwa miaka, ugonjwa unashuka chini na kuula mfupa unaolishika jino. Mfupa huo ukishaliwa haurudi wenyewe. Kinachowezekana ni kuusimamisha ugonjwa ulipofika.

Kwamba damu ilianza ukiwa mjamzito, hilo linaeleweka. Homoni za ujauzito zinazifanya fizi zivimbe hata kwa utando kidogo. Lakini mtoto ana miaka 7 sasa. Mimba iliisha, ugaga ukabaki.

Shoga yako simwiti mwongo. Alichokiona alikiona kweli, ila sababu aliyoitaja ndiyo ninayoitilia shaka. Ugaga ukiwa mwingi unaziba mianya na kuyashikanisha meno ambayo yameshalegea. Ukikwanguliwa, mianya inaonekana, fizi iliyokuwa imevimba inanywea, na meno yanashtuka kwa maji ya baridi kwa siku kadhaa. Jino lililokuwa linacheza chini ya ugaga sasa linacheza hadharani. Aliyelilegeza ni ugonjwa ulioula mfupa, na ugonjwa huo ulikuwepo kabla hajakaa kwenye kiti cha daktari. Muulize shoga yako swali moja tu: alikwenda kusafishwa akiwa na nini? Sidhani kama alikwenda akiwa hana tatizo.

Na wifi yako naye. Kiseyeye chenyewe kinatokana na kukosa vitamini C kwa muda mrefu, na mtu anayekula matunda na mboga za majani si rahisi kukipata. Machungwa uendelee kuyala, ni chakula kizuri. Ndimu ya kusugua meno ndiyo ninayoiogopa: asidi yake inalilainisha gamba la nje la jino, na gamba hilo likishalika halioti tena. Ugoro nao uutoe mdomoni kabisa. Unaunguza fizi, na tumbaku ya namna hiyo ni miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani ya kinywa. Hapo kwenye ugoro sibembelezi.

Kuhusu kuacha kupasugua panapotoka damu, karibu kila mtu anafanya hivyo, akili inatuambia kidonda kisiguswe. Lakini pale panapovuja ndipo utando ulipo. Chukua mswaki laini, uulaze kidogo ili nyuzi zielekee pale jino linapoingia kwenye fizi, uzungushe polepole, meno mawili matatu kwa wakati. Dakika 2 nzima, asubuhi, na usiku kabla ya kulala. Dawa iwe na floraidi, imeandikwa kwenye boksi. Ukimaliza tema tu, usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kwenye meno. Ulimi nao uukwangue taratibu, maana sehemu kubwa ya harufu ya mdomo inatoka nyuma ya ulimi na kwenye fizi zenye ugonjwa. Damu inaweza kutoka siku za mwanzo. Mara nyingi fizi ambazo hazijafika mbali zinaanza kutulia ndani ya wiki moja au mbili. Huo ugaga wa siku nyingi, hata hivyo, utabaki mpaka utolewe kwa vifaa.

Tukija kwenye jino lako. Umesema maumivu yaliisha kabisa. Yaliisha kwa sababu kilichokuwa kinauma kilikufa. Ndani ya jino kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Bakteria walikifikia kupitia lile tundu, kikavimba, na ndiko kule kuzunguka uani usiku, kisha kikafa kikanyamaza. Kipele unachokibonyeza ni njia ambayo usaha umejitobolea kutoka kwenye mzizi. Vile vidonge vya rangi mbili haviwezi kulimaliza hilo, maana dawa inasafiri na damu, na ndani ya jino lililokufa damu haiingii tena. Nakueleza hivi kwa sababu kwenye hesabu yako uliweka njia mbili, kung'oa na kutibu, na kuna ya tatu ambayo huiiti njia lakini ndiyo unayoifuata sasa: kukaa nalo. Kati ya zote, hiyo ndiyo inayonipa wasiwasi.

Kutibu mzizi ni hivi. Unapigwa ganzi, jino linafunguliwa juu, kilichokufa kinatolewa, mifereji ya ndani ya mizizi inasafishwa na kuzibwa. Gego la chini kwa kawaida lina mizizi miwili na mifereji mitatu au zaidi, kwa hiyo kazi ni ndefu, pengine urudi zaidi ya mara moja. Baada ya hapo jino linakuwa rahisi kupasuka, na ndiyo maana daktari akataja kofia. Faida yake ni kwamba unabaki na gego lako na unatafuna kama kawaida. Lakini si kila jino lililotibiwa mzizi linadumu. Mengine yanarudi kuleta usaha, mengine yanapasuka, hasa yakikosa kofia. Na jambo la kumuuliza daktari kabla ya kutoa hata shilingi: mfupa unaolishika gego hilo ukoje, kwa fizi kama zangu? Akisema uko imara, hesabu inabaki moja. Akisema umeanza kuliwa, hesabu inabadilika, maana kulivalisha kofia jino ambalo fizi zitaliangusha ni kutupa hela ziwani.

Kung'oa nako si dhambi. Wapo watu wenye akili zao timamu waliopima wakachagua kung'oa, na wanakula vizuri. Usaha unaondoka na jino lake, gharama ni ndogo, na unarudi kazini mapema. Ukiamua hivyo, siku ya kwanza usisukutue wala kutema mate kwa nguvu, ili bonge la damu lililoziba tundu lisitoke. Likitoka mapema, maumivu ya siku zinazofuata yanashinda ya jino lenyewe. Hasara za kung'oa huja taratibu. Meno ya jirani yanaanza kulalia pengo, gego la juu lililokosa mwenzake linashuka, na mtu anahamishia kazi yote upande mmoja. Pengo moja unaweza kuishi nalo. Mama yako hakufika kwenye matobolwa ya kuloweka kwa sababu ya pengo moja. Nadhani alifika huko kwa sababu kila alipotoa jino, kilichoharibu la kwanza kilibaki mdomoni kikisubiri la pili.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo kwenye ukoo. Ni kweli kuna watu wanaozaliwa na fizi zinazoshambuliwa haraka kuliko za wengine. Lakini watu wa nyumba moja wanarithishana pia chai ya sukari ya kutwa nzima, ugoro, na kungoja mpaka liume. Lipi limetoka wapi, mimi siwezi kulijua nikiwa huku. Ninalolijua ni kwamba sukari ya mama yako inaingia kwenye hadithi hii moja kwa moja: kisukari kisichodhibitiwa huzidisha ugonjwa wa fizi, na fizi zenye ugonjwa hufanya sukari iwe ngumu kushuka. Na wewe ni binti wa mwenye kisukari. Kapime sukari kabla ya uamuzi wowote wa jino. Ni tone la damu la kidole, na daktari wa meno mwenyewe atafurahi kuyaona majibu.

Soda na chai sikukatazi, maana najua mwaloni mtu anapata chakula jioni. Ila kinachoyaumiza meno ni kunywa mara nyingi kuliko hata wingi wa sukari wenyewe. Kila unapomeza funda, bakteria wanatengeneza asidi kwa muda kama wa nusu saa. Soda moja ukiinywa ukaimaliza inaumiza kidogo kuliko soda hiyohiyo ukiinywa kidogokidogo toka asubuhi hadi adhuhuri. Katikati weka maji.

Wazo la kuyatoa yote uweke ya bandia, naliona kama uchovu unaongea. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua yana msaada mkubwa kwa asiyekuwa na jinsi, na yenyewe yanataka usafi wa kila siku, yanavuliwa usiku, na kadiri taya linavyopungua yanalegea yanatakiwa kurekebishwa. Nguvu yake ya kutafuna ni ndogo kuliko ya meno yako mwenyewe. Usiyakimbilie ukiwa bado na meno ambayo daktari anasema yanapona.

Sasa bati. Baba watoto alisema hamuhamii kwenye jino, nami nilicheka, nisamehe. Lakini nilijiuliza: alielezwa nini hasa? Kwa barua yako, alisikia jino moja na bei yake. Hakusikia kipele cha usaha. Hakusikia kwamba unaogopa kuwa kama mama yako. Hakusikia fizi. Mtu akipewa bei bila sababu, ataitaja bei nyingine tu. Sijui angesema nini akijua yote. Huenda angesema vilevile, nawe ungekuwa na haki ya kuumia. Ila kwa sasa unamhukumu kwa swali ambalo hukumuuliza. Unaonaje akikusindikiza siku ya kurudi kwa daktari? Picha ya jino ikiwekwa kwenye mwanga, kile kivuli cheusi chini ya mzizi mtu anakiona kwa macho yake, na hapo mnabaki watatu mnaongea habari moja.

Hela yenyewe nayo huenda si ya yote au bure. Muulize daktari kama kazi inaweza kugawanywa: kusafisha fizi kwanza, ambako kwa kawaida gharama yake ni ndogo sana kuliko mzizi, kisha mifereji isafishwe na jino lizibwe, kofia ije baadaye, ukijua kwamba kadiri inavyochelewa jino linakuwa kwenye hatari ya kupasuka. Uliza pia hospitali za rufaa. Mwanza mna Sekou Toure ya mkoa na Bugando ya kanda, na bei hazilingani kila mahali. Kama una bima, uliza kadi yako inabeba nini kabla hujakaa kwenye kiti. Na tarehe 20 Machi kila mwaka ni Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani. Wakati huo uchunguzi wa bure hufanyika sehemu mbalimbali, sikilizia redio za hapo kwenu. Kwa upande wa Buhongwa, fundi naye aulizwe kama vyumba viwili vinaweza kuezekwa kwanza. Nyumba nyingi mnazozipita hapo mjini zina bati nusu, na watu wanaishi humo.

Habari ya kusema kikoba kimepata hasara, sikuiti mwizi. Hela ni jasho lako. Lakini tazama unachoweka rehani. Kikoba kina wanawake wangapi wanaomjua wifi yako? Siku moja mmoja atasema mgao wa mwaka huu ulikuwa mzuri, na baba watoto atauliza, na wakati huo mtakuwa hamuongelei jino tena. Pia ahadi ya bati uliitoa kabla ya kuijua hali ya mdomo wako. Kurudi kwake ukasema mambo yamebadilika, naomba tuzungumze upya, si kuvunja ahadi. Huyo mwenzako aliyefanya mambo yakapita, unajua yalivyopita kwa nje tu.

La kitanda nimelibakiza mwisho kwa sababu ni zito, na kwa sababu ndilo ninalolijua kidogo kuliko yote. Kile kichwa kilichorudi nyuma, inawezekana kabisa ilikuwa harufu. Sitakudanganya. Lakini kulala akiangalia ukutani kuna sababu nyingi kwa mwanamume ambaye kuta zake zinapigwa na mvua mwaka wa pili. Na tangu siku ile aliyejitenga ni wewe pia, umeandika mwenyewe kwamba hujamsogelea. Yeye anaona nini upande wake? Mke aliyeacha kunong'ona, anayeziba mdomo akiongea. Huenda naye anajiuliza kakosa nini. Unaweza kuchagua kumaliza matibabu kwanza ndipo umsogelee, na unaweza kuanza kwa maneno. Wapo wanawake waliofanikiwa kwa kusema wazi, gizani, taa imezimwa: "Najua mdomo wangu una shida, nimeona siku ile, nataka kutibiwa na naogopa kukuambia." Wengine wasingeweza kulitamka hilo hata kwa dawa. Unamjua mumeo, mimi simjui. Usijiambie tu kwamba uko peke yako duniani na aibu hii: Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba karibu watu bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa, na zaidi ya bilioni 1 wana ugonjwa mkali wa fizi. Hapo mwaloni peke yake, wanaoziba midomo mko wengi.

Nilitaka kumsahau mtoto, nikarudi. Leo jioni mwambie afungue mdomo kwenye mwanga. Anza kuhesabu kutoka jino la mbele katikati kwenda nyuma. Lenye doa likiwa la sita, hilo si la utoto. Gego la kwanza la ukubwani huota karibu na miaka 6, nyuma ya meno yote ya utoto, bila jino lolote kung'oka, na wazazi wengi hawajui kwamba limeshafika. Hilo halina mbadala wake. Likiwa la nne au la tano ni la utoto kweli, ila magego ya utoto hukaa mpaka miaka 9 hadi 12, na miaka kadhaa ya kuumwa ni mingi kwa mtoto. Vyovyote iwavyo, siku mnayokwenda na baba yake, mbebeni naye aonwe. Doa likiwahiwa, linazibwa kwa hela ndogo.

Niandikie ulichoamua, hata kama ni kinyume na unavyodhani mimi ningependa. Lakini kabla ya hapo: kama shavu litavimba, uvimbe ukashuka shingoni au kupanda kuelekea jichoni, ukapata homa, ukashindwa kufungua mdomo, kumeza au kupumua vizuri, usingoje kikoba kivunjwe wala usirudi duka la dawa. Nenda hospitali kubwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, hata kama mzigo ndiyo kwanza unashuka.